Volti Zilizopotelea Njiani

Fundi aliinama juu ya bampa, akagusisha ncha mbili za mita nyuma ya taa ya kushoto, akaniambia nisome mwenyewe. Volti 11.4. Injini ilikuwa inanguruma na taa zinawaka, na muda mfupi kabla ya hapo mita hiyohiyo ilikuwa imesoma 13.9 kwenye betri.

Volti mbili na nusu zilikuwa zimeishia njiani.

Nilimwita baba mdogo aje aone. Alikuwa amekaa kwenye benchi mlangoni mwa gereji, pale Mwanjelwa, koti limefungwa mpaka shingoni, maana Mbeya ya Julai mnaijua. Hakuinuka. "Mimi nimekuja kununua taa," alisema. "Sikuja kupima."

Tulibishana siku ile, na mabishano yenyewe yameendelea kichwani mwangu wiki kadhaa baada ya gari kutoka gereji. Ndiyo maana naandika.

Niwapige na nini?

Baba mdogo analima viazi Isongole. Pikapu yake ni Hilux ya miaka ya 90, ile yenye taa za mstatili, na kwa miaka mingi amezoea kuondoka nyumbani saa tisa usiku ili afike Uyole au Mwanjelwa wachuuzi wakiwa ndiyo wanaanza kupanga mafungu. Barabara ile anayeijua hahitaji kuelezwa: kona, ukungu, lori la ndizi limeharibika kwenye mwinuko na dereva kaweka matawi ya miti nyuma yake badala ya pembetatu.

Alichokuwa anataka ni globu za LED, zile nyeupe pee zinazouzwa kwenye boksi zikiwa na feni nyuma. Mwanaye alishamwonyesha kwenye simu. Nikamuuliza kama shida yake ni kutoona mbali. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Wenzangu wote wananipiga taa. Mimi niwapige na nini?"

Sikuwa na jibu.

Kila anayeendesha usiku kutoka Makambako hadi Tunduma anajua alichokuwa anasema. Malori yamejaza mistari ya taa juu ya kichwa na kwenye grili. Pikapu zina taa ndefu juu ya paa. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku, mwaka 2023, barabara haina tena yale masaa ya utulivu tuliyoyazoea. Kila mmoja anaongeza taa kwa sababu anayekutana naye ameongeza, na aliyebaki na taa za kiwandani anajiona mnyonge.

Lakini fikiria kinachotokea. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linakata karibu mita 22 kila sekunde. Ukimpiga dereva wa lori fulu, yaani taa iliyoinuliwa, machoni akakaa sekunde tatu haoni, ameshatembea zaidi ya mita 60 akiwa na mzigo wake wote, na anatembea kuja kwako. Huyo unayemkomoa ndiye atakayepishana na kioo chako cha pembeni kwa nafasi ya mkono mmoja. Nilimwambia hivyo baba mdogo. Alinijibu kwamba wenye malori wangeambiwa kwanza wao, na kwa kweli hilo nalo lina haki yake.

Kilichomo ndani ya globu

Niliona maneno hayatoshi, nikanunua globu ya kawaida ya H4 dukani na kumwekea kiganjani. Hii ndiyo iliyomo kwenye magari mengi ya zamani yanayotembea huku kwetu, na imekuwapo tangu mwanzoni mwa miaka ya 70. Ukiitazama kwa karibu utaona nyuzi mbili ndani ya kioo. Mmoja uko peke yake, huo ni wa fulu. Mwingine umekaa mbele kidogo, na chini yake kuna kikombe kidogo cha bati, hakizidi ukucha wa kidole cha mwisho.

Kikombe hicho ndicho kinacholinda macho ya wengine. Ukishusha taa, unawaka ule uzi wa mbele, na kikombe kinauzuia mwanga usifike kwenye nusu ya chini ya reflekta, lile bakuli linalong'aa nyuma ya globu. Nusu hiyo kazi yake ni kuurusha mwanga juu, kwa hiyo ukifika hapo utaishia usoni mwa anayekuja. Kwa sababu ya kikombe, taa iliyo salama ukiimulika ukutani inachora mstari: chini mwanga, juu giza. Na kwa nchi inayoendesha kushoto kama yetu, mstari huo unapanda kidogo upande wa kushoto, ili umulike pembezoni wanakopita watu wa miguu.

Sasa chomoa globu hiyo, uchomeke LED. Vipande vinavyotoa mwanga vimebandikwa pande mbili za bati bapa, havikai palepale ulipokuwa uzi, na tofauti ya milimita chache inatosha kuuharibu mstari wote. Reflekta ilihesabiwa kwa ajili ya uzi mwembamba mahali pamoja. Mwanga unatawanyika kila upande.

Aliyekaa kwenye usukani hilo halioni. Anaona mbele ya bampa kumekuwa kweupe, na anafurahi. Ila weupe huo wa karibu unaifanya mboni isinyae, na kule mbali kwenye giza, ambako ndiko ng'ombe aliko, anaona vibaya kuliko mwanzo. Boksi tuliloonyeshwa liliandikwa lumeni, kipimo cha wingi wa mwanga, 20,000. Globu ya H4 ya kiwango cha kawaida hutoa kama 1,000 kwenye dimu, yaani taa ikiwa imeshushwa, na 1,650 kwenye fulu, na kwa hizo watu wamevuka mlima Kitonga usiku miaka yote.

Zipo LED nzuri, nisije nikaeleweka vibaya. Ni zile zinazouzwa taa nzima, zenye kioo na reflekta zao zilizotengenezwa pamoja. Muuzaji mmoja alikuwa na jozi ya mstatili inayoingia kwenye Hilux bila kukata bati, na kwa muda nilikaribia kushawishika. Nikakisoma kioo chake. Ilikuwa na ile herufi E ndani ya duara, alama ya viwango vya kimataifa, lakini haikuwa na mshale.

Mshale huo una maana kubwa kwetu. Simama mbele ya gari ukiitazama taa. Mshale ukielekea mkono wako wa kulia, taa ni ya nchi zinazoendesha kushoto. Ukiwa na ncha pande zote mbili, inatumika kote. Taa yenye E bila mshale wowote imetengenezwa kwa wanaoendesha kulia, na mstari wake unapanda kulia, yaani moja kwa moja usoni mwa dereva unayepishana naye hapa Tanzania. Haijalishi ni ya bei gani au imetoka kiwanda gani. Nadhani nusu ya kero tunazolaumiana barabarani zingepungua kama wauzaji wangekuwa wanasoma kioo kabla ya kuagiza.

Umeme unapoishia

Tulirudi kwenye mita.

Mwanga wa globu ya halojeni, kama hiyo H4, haupungui sawasawa na volti, unaporomoka. Punguza volti kwa asilimia 10 na mwanga unapungua kwa karibu theluthi. Kwa vipimo tulivyokuwa tumesoma, taa za baba mdogo zilikuwa zinatoa karibu nusu tu ya mwanga ambao zingetoa kama volti zote za betri zingefika.

"Nusu?" aliuliza, na hapo ndipo aliponyanyuka kwenye benchi.

Umeme wa taa kwenye gari kama lile hauendi moja kwa moja. Unatoka kwenye betri, unapita kwenye fyuzi, unazunguka mpaka kwenye swichi ya usukani, na safari nzima ni kwenye waya mwembamba wenye umri wa miaka thelathini. Kila kiungio kina kutu ya kijani, na viguso vya ndani ya swichi vimeungua kidogo kidogo. Globu moja ya wati 55 inavuta kama ampea nne na nusu, mbili zinapita tisa. Kuvuta umeme huo wote kupitia njia ile ni sawa na kumwagilia shamba zima kwa mpira uliokunjika: maji kisimani yapo, mwisho wa mpira yanadondoka.

Dawa yake ni rilei. Rilei ni swichi inayoamrishwa na umeme mdogo, chini ya robo ampea. Swichi ya usukani inabaki na kazi ya kuamrisha tu, na umeme mzito unapita njia fupi: betri, fyuzi, rilei, globu. Rilei moja ya dimu, nyingine ya fulu. Miguu yake ina namba zilezile karibu kwenye rilei zote za magari: 30 inatoka betri, 87 inakwenda kwenye taa, 85 na 86 ni za kuamrisha.

Kwenye waya tulipoteza muda, na sijutii. Duka la kwanza lilitaka kutupa waya wa nyumba, wa shaba moja nene. Kwenye gari linalotikisika kila siku, shaba moja inakatika. Tulitaka wa nyuzi nyingi, milimita mbili na nusu za mraba. Duka la pili walikuwa nao, tena bei nzuri mno. Fundi akachuna ncha, akakwangua uzi mmoja kwa kisu: ndani mweupe. Ulikuwa aluminiamu iliyopakwa shaba. Tukaurudisha, tukaenda la tatu.

Na fyuzi ikae karibu na betri, upana wa kiganja, kabla ya kitu kingine chochote. Waya usio na fyuzi ukichunika ukagusa bati, betri itaendelea kumwaga umeme mpaka kitu kiungue. Naomba anayesoma hapa, kama gari lake liliwahi kufungwa taa za ziada, afungue boneti leo aangalie hilo peke yake.

Hasi inayowashwa

Fundi wetu ni kijana mwenye mkono safi. Alifunga rilei kwa utaratibu unaofundishwa kila mahali: mguu wa 85 kwenye bodi ya gari, 86 kwenye waya uliokuwa unakwenda kwenye globu, na waya wa tatu wa holda ya globu, ule ambao kila mtu angesema ni wa athi, yaani hasi inayorudi kupitia bati la gari, akaufunga kwenye bodi.

Akawasha. Fyuzi ikakatika.

Akabadilisha. Ikakatika tena, na rilei hazikulia hata mara moja.

Jua lilikuwa linashuka, wenye gereji wanaanza kufagia, na baba mdogo alikuwa amerudi kwenye benchi. "Mngenifungia zile za boksi ningeshakuwa Uyole," alisema, bila hasira, na nilihisi uzito wake. Viazi vilikuwa shambani vimeshachimbwa. Alikuwa na swali la haki kabisa: kwa nini kitu kinachochukua dakika tano kwa wengine sisi kinatumalizia siku? Kwa saa nzima hivi nilifikiri labda ningemwacha afanye anavyotaka.

Aliyetutoa hapo ni mzee mmoja wa gereji ya jirani aliyekuja kuazima spana. Alisikiliza, akachukua testa ya taa, akabana klipsi yake kwenye bodi, akachoma ule waya tuliokuwa tunauita athi. Testa ikawaka.

"Hii ni chanya," alisema. Akahamisha klipsi kwenye betri upande wa chanya, akachoma waya wa dimu. Ikawaka. Akamwambia kijana abadilishe kwenda fulu: waya wa dimu ukazima, wa fulu ukawaka. "Hizi Toyota za zamani swichi haikati chanya. Chanya inafika kwenye taa mapema, swichi inafungulia hasi."

Yote yakaeleweka kwa mpigo. Tulikuwa tumeichukua chanya na kuipeleka kwenye bodi, ndiyo maana fyuzi ilikuwa inakatika. Na rilei zilikuwa zinasubiri chanya kutoka kwenye waya ambao maisha yake yote haujawahi kuileta. Mzee akageuza: ule waya wa pamoja ukawa chanya ya kuamrisha rilei zote mbili, waya wa dimu na wa fulu ukawa hasi ya kila moja, na globu zikapewa athi yao mpya kwenye bati lililokwanguliwa rangi mpaka likang'aa.

Rilei ililia. Mita ikasoma 13.5 nyuma ya taa, kwa globu zilezile za wati 60 kwenye fulu na 55 kwenye dimu.

Hapa pia ndipo globu nyingi za boksi zinapogoma kwenye Hilux na Land Cruiser za miaka hiyo, watu wakadhani wameuziwa mbovu. Kila nikikumbuka nawaza ni magari mangapi yamekatwa waya na kuungwaungwa kwa sababu hakuna aliyechoma testa kwanza.

"Ndaga fijo," baba mdogo alimwambia yule mzee, na akamlipa soda kabla sijatoa mkono mfukoni.

Ukuta

Taa yenye nguvu iliyoelekezwa vibaya ni mbaya kuliko hafifu. Tulitafuta ukuta wa ghala na ardhi tambarare, gari mita 10 kutoka ukutani, tukapiga mstari wa chaki kwenye kimo cha katikati ya taa, na mwingine sentimita 10 chini yake. Mwisho wa mwanga wa dimu ukae kwenye ule wa chini.

Nilisisitiza jambo moja: tupime ikiwa imebeba. Pikapu ikipakia, nyuma inakaa na pua inainuka, na taa zilizokuwa sawa ikiwa tupu zinaanza kutazama vilele vya miti. Baba mdogo usiku anakwenda na mzigo, mchana anarudi mtupu, kwa hiyo kipimo cha kweli ni cha mzigo. Tukasubiri mpaka magunia yalipopanda. (Lumbesa, lile gunia la kujazwa kupita kiasi, inamwumiza mkulima mfukoni, sote tunajua, lakini inaumiza na springi, na springi zikichoka taa ndizo zinazosema.)

"Wapi?"

Niliomba kwenda naye safari ya kwanza. Ukungu ulikuwa umelala barabarani, na alikaa kwenye dimu bila kuambiwa, maana kwenye ukungu fulu inakurudia usoni. Mstari ulikuwa mzuri. Chini ya mstari kila kitu kilionekana: ukingo wa lami, nyasi, alama za matairi.

Kwenye tambarare moja ukungu ukafunguka, nikamwona mama amebeba kikapu kichwani, upande wa kushoto, mbali kidogo, mahali palepale mwanga unapopanda. Nikasema, "Baba, mama yule."

"Wapi?"

Alimwona tulipokuwa karibu kumfikia.

Muda mfupi baadaye basi lilitokea kwenye kona na fulu yake. Baba mdogo aliinua mkono akafunika jicho la kulia, akapunguza mwendo mpaka tukakaribia kusimama. Mimi niliumia macho, lakini barabara niliiona. Yeye hakuwa anaona kitu, na alibaki hivyo hata basi lilipokwisha kupita.

Jicho la mtu wa miaka 60 linapokea karibu theluthi tu ya mwanga unaoingia kwenye jicho la kijana wa miaka 20. Mboni haifunguki kama zamani, na lenzi inageuka manjano. Kama kuna mtoto wa jicho, ukungu huo wa ndani unautawanya kila mwanga unaoingia, na mwanga mweupe wenye ubuluu ndio unaotawanyika vibaya zaidi. Zile wiki zote nilikuwa nimesikia kisirani kwenye swali lake, niwapige na nini. Kumbe alikuwa anaeleza ugonjwa, kwa maneno ya barabarani.

Alikataa kwenda kupimwa. "Macho yangu nayajua." Mama mdogo ndiye aliyeshinda, kwa kuficha ufunguo wa gari. Daktari alikuta mtoto wa jicho pande zote mbili, la kulia limekomaa zaidi, na amepangiwa upasuaji. Mpaka hapo mzigo wa usiku unaendeshwa na mwanaye, na mzee anakaa kiti cha abiria akilalamika kuhusu gia.

Kijana naye ameshaomba spotilaiti mbili juu ya bampa. Nilimwambia sawa, ila rilei yake ichukue amri kwenye fulu, ili akishusha taa nazo zizime palepale, bila swichi ya pembeni. Kabla hajajibu, baba yake akadakia: "Na fyuzi yake karibu na betri."